Gari Lililochomolewa Mara Sitini na Tatu

Kila Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, simu ya Marsiana ililia, na kila Jumatatu aliitazama kwanza kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani kabla ya kupita. Alijua ni Dar es Salaam. Alijua ni yule binti wa takwimu, Herieth, mwenye sauti ya upole na maswali yasiyoisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, gari limefanya nini tena?"

Maana gari lile lilikuwa linasema. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na kisanduku cheusi, hakizidi kipande cha sabuni, kilichopeleka habari zote Dar: limekwenda kilomita ngapi, limesimama wapi, betri ilikuwa asilimia ngapi likiondoka na ngapi likifika, limechomekwa saa ngapi, limechomolewa saa ngapi. Marsiana alikuwa ameendesha magari miaka ishirini na sita. Yaliwahi kumkwamisha kwenye tope, kumzimikia mlimani, hata kumvunja kidole. Kumsengenya, hakuna lililowahi.

Alizaliwa Mollo, kijiji cha Ufipa mkoani Rukwa, binti wa Adriano, mkulima wa mahindi na ulezi aliyetaka mtoto wa kiume wa kumshikia ng'ombe wa jembe, akapata mabinti watano. Marsiana ndiye aliyewashika ng'ombe. Toka ng'ombe akaenda kwenye lori la parokia, kwanza kama mpakia magunia, halafu, siku dereva alipolala na homa, kama dereva. Siku zile watu wa vijijini waliacha majembe shambani wakaja barabarani kuhakikisha kwamba kweli ni mwanamke. Yeye alipunga mkono mara moja tu, mkono mwingine haukuacha usukani.

Mradi ulipoleta pikapu ndogo ya umeme kwa ajili ya kukusanya sampuli za wagonjwa kwenye zahanati na kuzifikisha maabara mjini Sumbawanga, walimwita yeye. Alipokabidhiwa funguo hakushangilia. Alizunguka nyuma, akafungua mlango, akapapasa kwa kiganja mahali litakapokaa sanduku la baridi. Majibu ya makohozi ya marehemu mume wake yalifika wiki tatu baada ya mazishi. Hilo hakumwambia mtu aliyekuwepo pale. Aliufunga mlango polepole, akasema, "Litatosha."

Sasa lilikuwa na mwaka na nusu mikononi mwake, na maswali ya Dar yalikuwa na mwaka na nusu.

"Mama, mwezi wa saba betri ilikuwa inaisha haraka kuliko mwezi wa pili. Kuna nini huko mwezi wa saba?"

"Kuna baridi. Mwezi wa saba hata mimi naisha haraka."

Herieth alicheka, na hilo ndilo lililomchosha Marsiana zaidi. Angekuwa mkorofi ingekuwa afadhali. Mkorofi unamjibu ukamaliza. Huyu alicheka, akashukuru, akaandika, halafu akauliza lingine.

"Na hili la kuchaji, mama. Mwezi uliopita umelichomeka mara sitini na tatu. Magari yetu ya mikoa mingine ni mara kumi na nane, ishirini. Halafu vipande vyenyewe vifupi. Hapa dakika kumi na mbili. Hapa tisa. Hapa kuna dakika nne, mama. Nani anachaji gari dakika nne?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Marsiana alihamishia simu sikio la pili. Akatazama nje, upepo ukisukuma vumbi la uwanda kama mtu anayefagia asichokiona.

"Mama, uko hewani?"

"Nipo. Niko kazini."

Sababu aliijua yeye, na Mollo nzima iliijua. Waliokuja kufunga soketi ya kuchajia walitafuta umeme wa fezi tatu, wakaukuta kwenye mashine ya kusaga ya Evaristi, shemeji yake Marsiana, wakaifunga pale ukutani, wakapiga picha, wakaondoka. Hawakungoja kuona mashine ikisaga. Mashine na gari havikuweza kula pamoja: vikiwashwa vyote, swichi kuu iliruka na jengo zima likanyamaza. Kwa hiyo gari lilichomekwa mashine ikipumzika, na mtu akitokea na mahindi yake, Marsiana alichomoa. Hakuna aliyepanga hivyo. Mtu ametembea na debe kichwani, umwambie angoje kwa sababu gari linakula?

Kila alipochomoa, simu ya mradi ilimuuliza sababu ya kukatisha chaji. Alichagua "Sababu nyingine". Simu ikadai maelezo, naye akaacha wazi. Hakuwa mvivu wa kuandika. Lakini mahali alikokulia, jina la mtu likiingia kwenye karatasi ya ofisi ni kesi. Aliyeandikwa huitwa, na akiitwa hukaa mbele ya wakubwa akajieleza. Aandike kwamba Mama fulani alikuja na ulezi saa nne na robo, gari likakosa chaji? Huko ni kumshtaki jirani kwa kosa la kutaka ugali. Basi akaacha wazi, mara sitini na tatu.

Na Dar, mahali palipoachwa wazi hujazwa na watu wengine. Barua ilikuja mwezi wa tisa, imesainiwa na mkuu wa mradi. Ilisema kisanduku kinaonyesha gari husimama mashineni hadi saa tano kwa siku, huku likichajiwa saa mbili tu. Saa tatu zilizobaki hazina maelezo. Dereva ameulizwa mara kadhaa, hakujibu. Kwa hiyo gari litahamishiwa mkoa mwingine mwisho wa mwezi, isipokuwa mkaguzi atakayetumwa akikuta sababu ya kuliacha.

Marsiana aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Wanasema nafanya biashara zangu hapa," alimwambia Evaristi.

"Biashara gani? Hata unga wako unasaga kwa kupanga foleni."

"Wahamishe, basi. Wahamishe! Sampuli zirudi kubebwa kwenye mfuko wa rambo na bodaboda, zifike zimeiva kama maharage."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, kisha akaenda kulifuta gari vumbi, upande mmoja tu, mara tatu.

Mkaguzi alikuwa Herieth mwenyewe. Alishuka kwenye basi miguu imevimba, msichana mwembamba wa miaka ishirini na saba, koti jepesi lisilojua habari za Ufipa. Marsiana alimfunika khanga mabegani kabla ya kumsalimia, kwa sababu hasira ni hasira na baridi ni baridi. Kesho yake asubuhi akampeleka mashineni, akamketisha kwenye benchi, kompyuta mapajani.

"Karibu mwanangu," alisema Evaristi, mweupe kwa unga hadi kope. "Umekuja kumwona ndama wetu? Kila akianza kunyonya, mama yake anamvuta mkia."

Marsiana alichomeka. Asilimia ishirini na tisa. Dakika saba hazijaisha, mwanamke akaingia na ndoo ya mahindi. Marsiana akachomoa, Evaristi akawasha, ukuta ukatetemeka.

"Subiri, mama!" Herieth alipaza sauti juu ya kelele. "Kwa nini umechomoa?"

"Mtu kaja."

"Hawezi kusubiri?"

"Kusubiri anaweza," alisema Evaristi. "Nani atamwambia?"

Herieth alitazama saa, akaandika. Mashine ikazimwa, Marsiana akachomeka. Dakika kumi na moja. Akaja mwingine. Kabla ya saa tano, waya ulikuwa umeingia na kutoka mara nne, na Herieth alikuwa ameanza kushika paji la uso kama mtu anayehesabu vifaranga wanaotembea.

"Lakini kwa nini usichaji usiku? Usiku hakuna anayesaga!"

Marsiana alikuwa amelingoja swali hilo mwaka na nusu. Alifungua droo ya gari, akatoa karatasi iliyolainika kwa kushikwashikwa, akamwekea mbele. "Soma namba nne."

Herieth alisoma. *Gari lilale kila siku kwenye ua wa hospitali mjini, chini ya mlinzi.*

"Na kwenye ua huo hakuna soketi," alisema Marsiana. "Nimewaambia mara mbili. Mkanijibu soketi ipo Mollo."

"Nani kaandika huu mwongozo?"

"Geuza."

Nyuma, chini kabisa, palikuwa na muhuri wa ofisi ya Herieth.

Binti aliikunja karatasi, akairudisha. Marsiana akaipokea. Alikuwa ametunga maneno mengi ya siku hiyo, akiyapanga usiku kama kuni, na sasa alipomwona mtoto wa watu anajikunyata ndani ya khanga, maneno yote yakamwisha mdomoni. Alichomeka tena waya.

"Nafuata sanduku la zahanati, hapo tu. Nina safari ya saa saba. Nataka arobaini na tano, pungufu ya hapo sirudi. Litazame." Akamwachia na simu ya mradi.

Mara alipopotea kwenye kona, akaja bibi Albina. Ana umri usiojulikana na kimo cha mtoto wa darasa la nne, na kichwani alikuwa na debe la ulezi.

"Shikamoo bibi," alisema Herieth.

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo wewe wa Dar? Huko hamjambo? Mama hajambo? Mmelima?"

"Hatulimi, bibi."

"Poleni sana." Aliligeukia gari. "Linakula?"

"Linakula. Limeanza sasa hivi."

"Liache lishibe. Mimi sina haraka."

Akakaa kwenye jiwe. Debe akalipakata magotini, hakuliweka chini. Upepo ulikuwa mkali. Alivuta ncha ya kitenge akafunika ulezi, siyo miguu. Herieth alitazama kompyuta. Thelathini na nne. Evaristi akaanza kusafisha chujio lililokuwa safi. Thelathini na nne. Bibi akasema upepo wa mwaka huu si mbaya. Herieth akatazama juu, akatazama chini, akainuka, akachomoa.

Simu ya mradi ikalia mkononi mwake. *Sababu ya kukatisha chaji?*

Marsiana alirudi na sanduku la baridi begani, akakuta mashine inanguruma, bibi Albina anakinga unga, na mkaguzi amesimama na waya kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi asiye wake.

"Dakika ngapi?"

Herieth aliutazama waya. "Nne."

"Umeandika nini?"

"Sababu nyingine."

"Na maelezo?"

Herieth alimtazama bibi, akaitazama simu, akaiweka mfukoni. "Nimeacha wazi."

"Haya," alisema Marsiana. "Sasa nipigie simu uniulize."

Evaristi alicheka hadi unga ukamwingia puani.

Safari ya saa saba iliondoka saa tisa. Herieth alibaki kwenye benchi hadi mashine ilipofungwa, akiandika dakika za kusaga upande mmoja na dakika za kuchaji upande wa pili. Jioni, Marsiana aliporudi, alimwonyesha. Mistari ile miwili ilikaa kama meno ya juu na ya chini: penye hili hapana lile, na katikati hapakupita hata dakika ya kwenda sokoni.

"Saa tatu zako hizi hapa, mama. Mashine ilikuwa inasaga."

"Mngeniuliza."

"Tulikuuliza!"

"Mliniuliza kwenye simu."

Hawakuelewana vizuri kuhusu hilo, na nadhani mpaka leo hawajaelewana. Lakini Herieth alituma mistari yake usiku uleule, na chini yake, bila jina la mtu yeyote, aliandika kwamba dereva huwapisha wenye nafaka. Siku ya nne mkuu akajibu kwa mistari mitatu: gari libaki Rukwa, namba nne ifutwe, gari lilale Mollo, kwenye ua wa mashine, na lichajiwe usiku. Marsiana alisoma ujumbe huo mara mbili. Hakushangilia. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango, akapapasa pale sanduku linapokaa.

Jumatatu iliyofuata alilikuta limejaa, mia kwa mia, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu wiki ya kwanza. Alikuwa anapakia barafu kwa safari ya Mtowisa, na bibi Albina alikuwa amefika na debe lake, anautazama ukuta.

"Waya uko wapi? Leo hunipishi?"

"Limeshakula, bibi. Saga tu."

"Ah." Bibi alionekana kupungukiwa na kitu. "Mimi nilizoea unipishe."

Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Mtambo wetu umetoa onyo jekundu. Unasema usiku wa jana gari limechajiwa saa saba mfululizo na hakuna aliyechomoa. Haijawahi kutokea. Unasema si kawaida. Lazima nijaze maelezo ya dereva."

Marsiana alifumba macho. Akahesabu, kwa Kifipa, mpaka tano. Kisha akaiweka simu kwenye kiganja cha bibi Albina.

"Bibi, ni Dar. Waeleze."

Akaenda kufunga mlango wa nyuma. Alipokaa kwenye usukani, bado aliisikia sauti ya bibi, juu kabisa, kana kwamba Dar iko ng'ambo ya bonde: "Hamjambo huko? Mama hajambo? Mmeshalima?"