Nukta Nyuma ya Pazia

Mudrik alikuwa fundi vespa wa Mkunazini, na injini alizifungua kwa subira ambayo hakuwahi kuwapa binadamu. Binadamu aliwapa ngumi. Alimvunja taya kijana mmoja kwa kumpigia Tahiya mluzi tu, na muuza kahawa aliyesema mayatima wale hawana wa kuwaonya alitandikwa kwa sinia lake mwenyewe.

Tahiya ni mdogo wake. Wazazi wao walipokufa Mudrik alikuwa kijana asiyejua hata kukoroga uji, akamlea hivyo hivyo, nywele akimsuka upogo. Akiwa gerejini alikuwa akipaza sauti, "Tahiya!", na mtoto akaitika "Naam!" kutoka dirishani, ngazini au kwa jirani. Hapo moyo wake ulitulia, akarudi kwenye injini yake.

Alipofika kidato cha tatu, Tahiya alijiunga na kikundi cha Mwalimu Mayasa cha kutafuta asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua. Darubini kubwa ya ng'ambo hupiga picha nne za pembe moja ya mbingu, na wanafunzi huzipitisha upesi upesi kwenye kompyuta. Nyota zinatulia, jiwe linasogea. Lakini jiwe lenyewe ni nukta dhaifu mno, ukiacha mwanga wa mchana uingie huioni, ndiyo maana walishusha mapazia na kufunga mlango. Yote hayo Tahiya aliyaeleza nyumbani. Mudrik alikuwa akila, akajibu "ehe, ehe", wala hakusikia hata moja.

Kificho, mwenye duka mkabala na skuli, hakujua habari za nukta. Yeye aliona pazia.

"Mudrik, mie simo," alimwambia mchana mmoja, "lakini dada'ko nshamuona akiingia chumba kile na Anuar, mtoto wa Abdulwahid. Pazia chini, mlango umefungwa. Mchana kweupe!"

Ulimi wa Kificho ungekatwa mapema, mtaa mzima ungepumua. Mudrik aliiacha injini wazi, hata mikono hakunawa, akapanda ngazi za skuli na spana mkononi. Mlango aliupiga mateke mpaka bawaba zikang'oka. Ndani giza. Aliona nyuso mbili tu zikimulikwa na kompyuta, na kidole cha Anuar juu ya kioo.

Spana ilishuka juu ya mkono ule. Mfupa ulilia. Anuar alianguka akipiga mayowe, Mudrik akamkanyaga mbavu, akaigeukia kompyuta na kuipiga mpaka kioo kikatawanyika mezani. Tahiya alimng'ang'ania shati. Maisha yake yote Mudrik hakuwahi kumnyanyulia mkono, lakini siku ile alimzaba kofi la mgongo wa kiganja, mdomo ukachanika. Kisha akalinyofoa pazia, ulimwengu uione fedheha.

Mwanga ukamwagika. Mwalimu Mayasa alikuwa amesimama pembeni, na nyuma yake wasichana watatu wamejibana ukutani, mmoja akilia ndani ya mtandio wake. Chumba kilikuwa kimejaa watu.

Tahiya alipiga magoti, damu ikimtiririka kidevuni, akawa anabonyeza kompyuta iliyokufa.

"Tumeiona, kaka," alisema. "Leo tumeiona. Tulikuwa tunaandika ripoti, mwisho wa kuituma magharibi."

Programu ya kupimia ilikuwa kwenye kompyuta ile tu. Magharibi ikaingia bila ripoti, na siku chache baadaye nukta ile ile ikatangazwa kwa jina la wanafunzi wa nchi nyingine.

Mudrik alilala rumande mpaka wazee walipomwombea kwa Abdulwahid, baba yake Anuar. Aliporudi nyumbani alimkuta Tahiya anakunja nguo zake.

"Nionyeshe hiyo mliyoiona," alimwambia.

Tahiya alikuwa na nakala ya zile picha nne, akamtumia kwenye simu. "Zitazame mwenyewe. Mie nnakwenda kwa shangazi, Mpendae."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Miaka yote ukiniita nikiitika, kaka. Mimi niliposema, ulisikia nini?"

Mudrik alisikiliza tu hatua zake zikishuka ngazi.

Tangu hapo, kila adhuhuri Mudrik hufunga madirisha, huziba upenyo wa mlango kwa kanga aliyoiacha Tahiya, kisha huzipitisha zile picha kwa kidole kinachonuka petroli. Kwa muda mrefu hakuona kitu ila vitone vimetapakaa kama mchele uliomwagika. Aliapa, alilia, aliupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikavuja damu.

Kisha Ijumaa moja akaiona. Kitone kimoja, kidogo kabisa, kilihama. Akarudisha nyuma, akapitisha tena. Kilihama tena, kikienda zake moja kwa moja katikati ya nyota zilizotulia.

"Tahiya!" aliita kwa nguvu zake zote. "Tahiya!"

Akakaa gizani, simu mkononi, akiisubiri naam.