Hariri ya Mama na Maji ya Jelatini

Mtaani walimwita Pini, kwa sababu midomo yake haikukosa pini. Ukimsalimia fundi huyu atakuitikia kwa nyusi. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, katika chumba hichohicho chenye jiko, hivyo nguo za wateja zilikwenda kwao na harufu ya vitunguu. Watu walimcheka, wakarudi tena.

Siku zile kitu kimoja kilimnyima raha: kitambaa cha hariri alichoacha mama yao, yeye na mdogo wake wa kike. Mama alikinunua angali mzima, akasema, "Hiki ni cha kitindamimba wangu, siku atakayoolewa." Akaondoka duniani, na siku yenyewe ndiyo hiyo inabisha hodi. Lakini hariri ile ilikuwa laini mno. Ukiitandaza mezani, inateleza hadi sakafuni. Ukiibana huku, inakimbilia kule. Pini alikuwa akiuchukua mkasi, kisha anaurudisha. Akikata kombo, hakuna kingine, na aliyekinunua hayupo.

"Dada, unakata lini? Au nivae shuka?" mdogo wake alimuuliza.

"Nakiangalia kwanza."

"Kukiangalia! Kwani kitambaa hicho kimekuja kukuposa?"

Alasiri moja Pini akaacha kukiangalia, akatengeneza jeli. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya mawazo. Alinyunyiza unga wa jelatini, ule usio na ladha yoyote, juu ya maji baridi, akautazama ukinywa maji na kuvimba taratibu. Akaongeza maji ya moto, akakoroga mpaka ukapotea kabisa, kana kwamba hakutia kitu. Ndipo akamimina maji ya machungwa. Alipenda kungoja jeli igande. Alipenda kuwaza kwamba ndani ya bakuli, kimyakimya, maji yalikuwa yakijifunza kusimama.

Kumbe wakati wa kukoroga, matone yalikuwa yamerukia ncha ya mtandio wake. Jeli ilipoganda, ncha ile nayo ilikuwa imekauka, ngumu kama karatasi. Akaikunja, ikakunjuka yenyewe. Akaichovya kwenye maji ya vuguvugu. Ikalegea, ikawa mtandio tena. Pini akatema pini zote kiganjani.

Akajaribu kwanza na ukanda mwembamba wa pembeni mwa hariri. Ukakakamaa, ukalegea, vilevile. Basi akapiga moyo konde. Akayeyusha jelatini iliyobaki katika beseni la maji, akaizamisha hariri yote, akaitoa bila kuikamua, akaianika kwenye kamba mlemle chumbani. Mwanga wa dirisha ukaipenya, na chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Akalala akiitazama, asijue usingizi umemchukua saa ngapi.

Asubuhi mdogo wake aliingia bila hodi, akaishika hariri. Ikaalika kama jani kavu.

"Dada! Umekifanya nini?"

"Nimekitia jelatini, ili—"

"Jelatini? Ya jikoni? Yaani umempika mama!"

"Kikiwa hivi kinatulia, kinakatika. Nikimaliza kushona, tunakifua, kinarudi."

"Na kisiporudi?"

Pini akauchukua mkasi. Ukanda mdogo si kitambaa kizima. "Kisiporudi," alisema, "usinisamehe."

Akaitandaza mezani. Safari hii hariri ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Mkasi ukapita juu ya mstari wa chaki bila kuhangaika, na mdogo wake, aliyekaa kitandani magoti kifuani, akatazama vipande vikigeuka kifua, mikono, marinda. Gauni lilipokamilika lilisimama wima lenyewe, kama mgeni asiye na kichwa.

"Bwana harusi akiniona hivi," alisema mdogo mtu, "ataniinua kama sanduku." Akacheka, huku akiugusa mkono mgumu wa gauni kwa ncha ya kidole.

Pini akajaza beseni maji ya vuguvugu. "Lifue mwenyewe."

"Mimi? Nikiliharibu je?"

"Mikono yangu imechoka kuogopa. Leta ya kwako."

Mdogo wake akapiga magoti, akalibonyeza gauni majini. Mwanzoni lilimkatalia, likaelea limekaza. Kisha bega moja likalegea. Likafuata la pili. Marinda yakaanza kufunguka moja moja, polepole, kama mtu anayeamka lakini ndoto yake bado ni tamu, na maji yakawa ya utelezi vidoleni. Akainua mkono wa gauni. Ukamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Dada," akasema. "Dada, kimerudi."

"Basi litoe tulianike."

"Ngoja kidogo."

Akaiacha mikono yake humo, hariri ikimzungukazunguka. Pini akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akakunja mikono ya blauzi yake, naye akatia mikono majini.