Picha ya Mama Fusae na Mlima Fuji

Mzee Teizo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kawaguchi, alikuwa fundi wa mikeka ya tatami mpaka magoti yalipomgomea. Tangu hapo akawa mtu wa mlima. Kuupanda hawezi, anaupiga picha. Ukitaka kujua Fuji unaonekana vizuri kutokea wapi, muulize yeye, ila uwe umeshakula, maana jibu lake ni refu. Atakupa kona ya ziwa ambapo mlima hujitazama majini kabla upepo haujaamka. Atakupa njia ya shambani kule Oshino ambapo nguzo za umeme zimekaa pembeni kwa adabu. Atakupa na kituo cha mafuta, ukisimama karibu na choo.

Sasa mkewe, Mama Fusae. Mwaka jana tulimzika dada yake. Kwetu marehemu huwekewa picha kubwa mbele ya maua, kisha picha hiyo hukaa nyumbani ikifukiziwa ubani miaka nenda miaka rudi. Dada mtu hakuwa na picha. Ikabidi wamkate kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, na walivyomkata, begani kwake ukabaki mkono wa mwanamume ulioshika glasi ya bia. Mpaka leo hakuna anayejua ni mkono wa nani. Mume wa marehemu anaufukizia ubani kila asubuhi.

Mama Fusae aliporudi kutoka mazishini alifungua maboksi ya mumewe, akajitafuta. Akakuta Fuji wenye theluji, Fuji usio na theluji, Fuji na maua ya mcheri, Fuji na bata. Chini kabisa akakuta kiwiko.

"Baba Mikiko, hiki si kiwiko changu?"

"Enhe. Siku ile uliniharibia picha."

Nilisikia kila neno. Sikutega sikio, kuta zetu ni nyembamba.

"Utanipiga picha yangu mwenyewe, mlima ukiwa nyuma," akasema. "Sitaki nife nikae na mkono wa mlevi begani."

"Kwani unakufa leo?"

"Kwa mwendo wako, bora tuanze leo."

Mwenye gari ni mimi, kwa hiyo nikawa dereva wao. Tukaanzia Oshino.

"Chutama kidogo," Mzee Teizo akamwambia, jicho kwenye kamera. "Umeziba bega la mlima. Chini tena. Hapo hapo!"

Picha ilitoka nzuri ajabu. Mlima mweupe, anga safi, na chini kabisa kichaka cha nywele.

Safari ya pili tulikwenda alfajiri, jua likitokea nyuma ya Mama Fusae. Akatoka mweusi kama kisiki.

"Lakini ona rangi ya theluji, mama!"

"Theluji ndiyo mtakayoizika?"

Ya tatu ilikuwa Oishi, ufukweni mwa ziwa, mahali Mzee Teizo anapopaamini kuliko pote. Tatizo ni kwamba kila mzee mwenye kamera anapaamini hivyo hivyo. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega, stendi za kamera zimeshikana miguu kama kaa sokoni. Mama Fusae, na koti lake jekundu na rangi mdomoni, akapita akasimama mbele yao wote.

"Mama! Umeingia kwenye picha yangu!" mmoja akapiga kelele.

"Nimetoka vizuri?"

"Umejaa katikati!"

"Basi niletee moja! Mume wangu ameshindwa."

Safu nzima ikaangua kicheko. Mzee Teizo akawa mwekundu kuliko lile koti. Na mlima nao, kama uliokuwa ukisubiri tu, ukavaa kofia yake ya wingu. Sote tunajua kofia ile maana yake mvua. Haukupita muda wingu likashuka likaumeza mlima mpaka miguuni. Wazee wakakunja stendi wakaondoka. Mama Fusae akakaa juu ya boksi la chakula, akafungua tonge la wali lililofungwa mwani, akala huku bado anacheka peke yake.

"Nipige sasa," akasema.

"Mlima haupo."

"Umekwenda wapi? Uko nyuma yangu, hapo ulipokuwa jana. Bonyeza."

Nilimwona Mzee Teizo akiinua kamera, akaishusha, akaangalia lile wingu kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Hajawahi kubonyeza bila mlima. Halafu akamtazama mkewe, punje ya wali kidevuni, macho yamefinyika kwa kicheko. Akasogea karibu. Kwa mara ya kwanza hakumwambia achutame.

Picha hiyo sasa inaning'inia juu ya friji yao, ikisubiri zamu yake, na Mama Fusae huipitia kila siku kuhakikisha yeye hajabadilika. Punje ya wali ipo. Nyuma ni kijivu kitupu. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule anaoandikia picha zake zote, Mzee Teizo ameandika: *Mlima Fuji, kutokea Oishi.*