Namba Ndefu ya Msoma Mita

Msoma Mita alistaafu, lakini jina lake likabaki kazini. Enzi zake alizunguka nyumba za watu akisoma mita za umeme na kuwaumbua wanaoiba. Leo mita ya kwake kaitundikia kalenda, mkewe asione inavyokimbia. Makubwa!

Kisa ni kompyuta iliyomo kwenye kabati la stoo. Inatafuta namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Watu wa kila pembe ya dunia wamejitolea: kila mmoja anatumiwa namba yake, yenye mamilioni ya tarakimu, na kompyuta yake inaitafuna usiku na mchana, wiki baada ya wiki, mpaka itoe jibu. Ikiwa tasa, jina lako linaandikwa. Na mzee alitamani sana jina lake liandikwe mahali pengine zaidi ya kadi ya kliniki.

Mkewe, Mama Mikate, anayewaokea mtaa mzima, akataka kujua umeme unaliwa na nini.

"Friji hilo, mke wangu. Limezeeka."

"Na hiyo kompyuta yako?"

"Hiyo? Inafikiri tu."

Friji la watu likasingiziwa mpaka likazimwa. Umeme ukazidi kuyeyuka. Ndipo Mama Mikate akaishusha kalenda, akaitazama mita, halafu akamgeukia mumewe.

"Wewe mzee, umeniona mimi bwege?"

Mzee alibabaika. Akaomba apewe mpaka Ijumaa namba yake iishe. Ikitokea si tasa, angeichomoa mashine kwa mkono wake na kumpa shemeji yake, mdogo wa Mama Mikate.

Ijumaa jibu likatoka: inagawanyika. Msicheke jamani, aliumia kweli. Alikaa juu ya gunia la unga akifuta miwani iliyokuwa safi. Kisha akachomoa waya, akaifunga kompyuta kwenye shuka, akaiweka mlangoni imsubiri shemeji.

Kesho yake baridi ilikuwa kali, na unga wa Mama Mikate ukagoma kuumuka. Wateja wakauziwa mikate migumu kama tofali, na maneno waliyoyatoa hayasemeki. Mama Mikate akailaumu hamira. Miezi yote hiyo alikuwa akiisifia hamira hiyohiyo kwa majirani, eti ya kwake ina mkono mzuri. Akanunua nyingine, akakanda upya, akalifunika beseni na kulirudisha mahali pake pa siku zote, rafu ya juu kwenye kabati la stoo. Unga ukalala vilevile.

Akaipapasa rafu. Ilikuwa ya baridi. Akaitazama nafasi tupu chini yake, pale kompyuta ilipokuwa ikiunguruma na kutoa joto, akaguna.

Mzee alikuwa sebuleni, kanyong'onyea, alipoona shuka linaburutwa kutoka mlangoni.

"Inuka. Anzisha namba nyingine."

"Mke wangu, huenda hata hiyo isiwe tasa. Ni bahati tu."

"Nani kakuuliza habari za tasa? Waambie hao wenzako wakupe ndefu. Ndefu kuliko ile!"

Msoma Mita aliruka kama kijana. Alipokuwa amepiga magoti anachomeka waya, alimsikia mkewe ukumbini akihangaika na msumari. Alikuwa anairudisha kalenda juu ya mita.