Siku Nilipoona Koo la Mzee Wangu

Nakumbuka asubuhi moja, mvua ndiyo imekatika, natoka kupeleka majani ya chai kituo cha kuuzia, nikamkuta Achieng ameketi jikoni kwangu. Achieng ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chetu hapa Mogogosiek. Wazazi wake walitoka kando ya ziwa wakaja kufanya kazi kiwanda cha chai, yeye akazaliwa hapa hapa, na Kikipsigis anakiongea kuwashinda wajukuu wangu. Serikali imempa begi, mashine ya kupima presha na simu ya kuweka habari zetu. Huwa namtania kwamba anaijua nyumba yangu kuliko mimi.

Siku hiyo hakuleta mambo ya presha. Alikuja kumwambia mzee wangu, Baba Chebet, kwamba hospitali moja ya huku kwetu imeanza kuwaita watu waliofiwa na mzazi au ndugu kwa saratani ya koo, waangaliwe ndani, hata kama hawasikii maumivu yoyote.

Baba Chebet alimsikiliza vizuri, mpaka mwisho. Halafu akaniomba chai. Nikamimina kutoka kwa sufuria ikiwa bado inatokota, vile alivyozoea. Akainua kikombe, hakupuliza, akakimaliza chote huku anamwangalia Achieng machoni. Akapanguza mdomo.

"Umeona?" akamwambia. "Hili koo lina shida gani?"

Mwanangu, wewe ni wa juzi, huenda hujui. Mwanamume wa rika letu alipimwa kwa chai. Ukionekana unapuliza kikombe, au unamimina kwa sahani ipoe, utachekwa kuanzia nyumbani mpaka sokoni. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi, mama mkwe alinikalisha akaniambia kwamba chai ikimfikia mgeni bila kutoa mvuke, basi nimemtukana. Kwa hivyo mzee wangu alitoa ushahidi wake wote siku hiyo, na kwake kesi ilikuwa imeisha.

Achieng hakubishana. Akasema kwa upole, "Baba, hiyo chai yenyewe ni moja ya mambo wanayoyachunguza." Akatueleza kwamba watafiti wameuliza kwa muda mrefu kwa nini koo linaua watu wengi upande huu, hata vijana. Wanashuku vinywaji vya moto sana vinavyounguza mahali pale pale kila siku, wanashuku pombe na sigara na mambo mengine, na bado hawajamaliza kujua. Baba Chebet akasema yeye si mgonjwa, na mtu mzima haendi hospitali kutafutiwa ugonjwa. Akavaa gambuti zake akaenda shambani.

Mimi nilibaki na hofu, na lazima nikueleze sababu.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mkubwa. Akiita ng'ombe, sauti inafika ng'ambo ya mto. Sijakaa sana kwa ndoa nikaona ameanza kushushia ugali kwa maji. Baadaye akaacha nyama, akaacha ugali, akabaki na uji tu. Mimi ndiye niliyemlisha, kwa sababu nilikuwa mchanga na walisema nina subira. Namwekea kijiko mdomoni, anafunga macho, anajaribu, halafu uji unarudi wote. Ananiangalia kama mtu anayeomba msamaha. Huko nje watu walisema ni laana. Wazee wakaitwa, kesi za zamani za mashamba zikafufuliwa, ndugu wakakosana mpaka leo wengine hawasalimiani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuona kulikuwa na nini ndani ya lile koo. Alikufa na njaa, mwanangu, kwa nyumba yenye maziwa na mahindi. Miaka ikapita, na mtoto wake wa kwanza, kaka ya Baba Chebet, akaenda njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo mzee aliporudi kula mchana, nilimwekea sahani yake, na mimi sikuketi.

"Baba Chebet," nikamwambia, "mimi ndiye nilimlisha baba yako. Usinirudishe kwa kile kijiko."

Alikula polepole, akanawa mikono. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mbolea, ni siku gani ile hospitali ya Achieng inaangalia watu.

Tulipofika hospitali, daktari alikuwa msichana wa Kikuyu aliyezaliwa Kericho mjini, wazazi wake wana duka huko. Mdogo hivi ungedhani bado yuko shule, lakini mikono yake ilikuwa imetulia. Alimpulizia mzee dawa ya ganzi kooni, akamdunga nyingine ya kumtuliza, akaingiza mpira mwembamba wenye kamera kwa ncha. Nilikuwa nimeomba nikae karibu. Akakubali, na akageuza kioo chake kidogo cha kuonyesha picha ili nami nione.

Sijui nikuambieje. Nimeishi na yule mtu tangu nikiwa msichana. Najua kikohozi chake, najua anavyokanyaga akiwa amekasirika. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna njia laini, nyekundu, yenye unyevu, inayojifunga na kujifungua bila kuambiwa na mtu. Kila chakula nilichowahi kumpikia kimepita hapo. Nilishika mdomo wangu. Nilijisikia kama nimeingia mahali ambapo ni Mungu peke yake huwa anaingia.

Halafu daktari akanyunyiza dawa ya iodini kupitia mpira ule ule. "Angalia, mama," akaniambia. "Nyama nzima inakunywa hii dawa inageuka kahawia. Ile iliyoanza kubadilika inakataa rangi."

Tukaangalia. Njia yote ikabadilika ikawa kahawia, kama chai isiyo na maziwa. Kukabaki mahali pamoja tu, padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, peupe, pamekataa.

"Ndiyo hiyo?" nikauliza.

"Huenda ndiyo. Tutatoa kipande kidogo tupime. Lakini inaonekana bado iko juu juu."

Mwanangu, ule ugonjwa ulioua watu wangu wawili, nilipigana nao kwa kijiko bila kuuona uso. Sasa ulikuwa pale mbele yangu umelala, ndani ya mtu aliyechuma chai siku iliyotangulia na kula sahani yake yote. Mwenyewe hakuwa na habari. Niliogopa sana, na wakati huo huo nikashangaa kwamba binadamu amepewa akili ya kuona kitu ambacho hata mwenye mwili hajakijua.

Majibu yalipotoka, kweli ilikuwa imeanza, na kweli haikuwa imeingia ndani. Tukaitwa tena. Daktari akapita njia ile ile, akaivuta ile sehemu iliyokataa rangi, akaifunga kwa kimpira kidogo, akaikata kwa waya. Hakupasua shingo. Baba Chebet aliamka akilalamika kwamba amenyimwa chakula tangu jana, nikamwambia alalamike tu, nasikia raha. Anarudi kuangaliwa kila anapoitwa. Chai yake siku hizi anaiacha mezani, na wenzake wakimcheka anawaambia yeye hana haraka.

Basi nisikie. Ukiwa na nguvu, usizitumie kama jibu la daktari, kwa sababu mzee wangu alikuwa na nguvu. Acha vitu vya moto vipoe kabla ya kumeza. Chakula kikikwama, usishushie na maji na kunyamaza. Nenda wiki hiyo hiyo. Na kama kwenu kuna aliyekufa akishindwa kumeza, usimfiche kwa aibu ukasema alilaaniwa. Mtaje kwa daktari, kwa jina. Mimi nilimtajia Achieng baba mkwe wangu alipokuwa anaweka habari zetu kwa simu, na kule kumtaja ndiko kulikomleta jikoni kwangu.

Mungu akupe chakula kila siku, mwanangu, na kila utakachokula kishuke salama, mpaka nywele zako ziwe nyeupe kuliko hizi zangu.