Jeshi Lenu Lipi?

Simpendi yule jaji, na sitajilazimisha kumpenda kwa sababu tu amezeeka. Alikuwa askari mstaafu, aliyealikwa kuamua mdahalo wa Kiswahili nilipokuwa kidato cha tatu, siku tuliyokwenda kushindana na wenzetu wa Biharamulo. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaiitikia vizuri. Kisha akakaa mbele ya bwalo, tumbo likigusa meza, akiwa na chupa ya maji ya peke yake.

Mada ilikuwa kama jeshi linahitaji kamandi inayojitegemea ya anga za juu. Sisi tuliangukia upande wa kupinga. Wenzetu walianza kwa mbwembwe: setilaiti ndizo macho ya taifa, vita vijavyo vitapiganwa juu ya mawingu, nchi isiyojipanga itapofuliwa. Bwalo zima likapiga meza. Nilikereka. Kwetu Kasulo simu ilishika mtandao ukisimama karibu na choo tu, na hawa wanagawana vyeo huko juu.

Nikasimama. Nilisema sikatai setilaiti. Zinaonyesha mvua, njia na mipaka, na lazima jeshi liwe na watu wanaozijua. Lakini watu hao wanaweza kukaa humo humo kwenye kamandi ya anga iliyopo, ile ya ndege, wakafundishwa na kupewa vifaa. Ukiwatenga unapata makao makuu mapya, mkuu mpya na sare mpya, halafu wanaanza kugombania setilaiti ni ya nani. Nikatoa mfano wa kitongoji chetu. Kiligawanywa, tukapata mwenyekiti wa pili na muhuri wa pili, ila chemchemi ilibaki moja, na tangu hapo haifyekewi majani kwa sababu kila mwenyekiti anasema ni ya mwenzake. Wakacheka. Nikajua nimewapata.

"Kwa hiyo jeshi letu," nikaendelea, "halina haja..."

Jaji akainua kalamu. "Ngoja, binti. Jeshi renu ripi? Ra hapa au ra kwenu?"

Fomu ya washiriki ilikuwa mbele yake, na jina la baba yangu linajieleza lenyewe: wazazi wangu walikimbia kutoka Burundi. Mimi nilizaliwa hapa. Safari hii bwalo lilinicheka mimi. Na yule mzee ni Mhangaza, mtu wa huku mpakani na Burundi, anachanganya l na r kama mama yangu, na lugha yake na Kirundi chetu zinakaribiana kiasi kwamba angeweza kusogoa na bibi yangu kutwa nzima bila mkalimani. Huyo ndiye wa kuniuliza kwetu ni wapi.

Nilikuwa na dakika mbili zimebaki, na nilitaka ushindi.

"Samahani, mheshimiwa jaji," nikasema. "Jeshi lenu halina haja ya kamandi mpya."

Nikaenda hivyo hivyo mpaka kengele: jeshi lenu, mipaka yenu, nchi yenu. Akawa anaitikia kwa kichwa na kuandika. Tulishinda. Alinipa mkono mbele ya watu, akanisifu kwamba nina adabu. Ningeweza kumtemea mate. Badala yake nilisema asante.

Nyumbani nilimkuta baba uani anapukuchua mahindi. Baba alipata uraia baada ya miaka mingi ya kuambiwa rudi kesho, na siku alipoapa alivaa koti la kuazima. Nilimsimulia yote, na lile neno nikalisimulia kama ujanja wangu, namna nilivyomlainisha mzee akanipa alama. Nilitaka amtukane. Nilikuwa nimelisubiri hilo tusi njia nzima.

Baba aliweka gunzi chini.

"Nchi yenu," akarudia, kwa Kirundi. "Mimi niliinua mkono nikaapa ili wewe useme nchi yetu. Umemrudishia nani?"

Nikamwambia ni jaji, ni yeye aliyenitia aibu mbele ya watu wote, ni yeye aliyeniuliza.

"Aliuliza tu," baba akasema. "Aliyejibu ni wewe."