Tiketi Namba 510510

Rimma Stepanovna alikuwa na miaka ishirini na sita ya kukata tiketi kwenye tramu, yale mabehewa ya reli za mitaani, za mji wa Saratov huko Urusi, na miaka yote hiyo aliisubiri tiketi moja tu. Msidhani alitaka makubwa. Alitaka namba 510510 itoke kwenye bunda lake mwenyewe, ainunue kama abiria yeyote, akaitundike jikoni kwake.

Mwenzake Galina alimwambia ana wazimu. Pale Saratov tarakimu tatu za mwanzo zikijumlishwa zikalingana na tatu za mwisho, tiketi ni ya bahati, na ya bahati huliwa palepale, karatasi na wino wake, huku mtu ananuia jambo lake. Nani anatundika? Lakini Rimma aliipenda hesabu tangu utotoni. Mtihani wa kuingia chuo aliufeli kwa kutetemeka tu, mkono ulikataa kuandika. Namba ile aliijua kuliko alivyowajua majirani zake: ukizidisha namba tasa saba za kwanza, kuanzia mbili hadi kumi na saba, unaipata yenyewe.

Asubuhi moja ya Julai alikata 510509, na inayofuata ilikuwa ile yake! Akatia mkono mfukoni kutafuta sarafu. Kabla hajazitoa, akapanda binti mmoja midomo imemkauka. Alikuwa anakwenda chuoni kufanya mtihani wa hisabati, akaomba tiketi, mikono ikimtetemeka hadi sarafu zikamwagika sakafuni.

Rimma angeweza kumwambia angoje kidogo, na nani angemlaumu? Aliitazama ile mikono. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Akaikata tiketi akampa.

Binti akajumlisha kwa macho, sita na sita, akaipeleka mdomoni.

"Subiri," Rimma akasema. "Kabla hujaila, nizidishie mia saba kumi na nne kwa mia saba kumi na tano."

Binti alishangaa, ila akafumba macho. Kituo kizima kikapita.

"Ni hii hii," akasema. "Kumbe ni namba mbili zinazofuatana."

Rimma akamtaka aigawe kwa kumi na saba, kisha kwa kumi na tatu, kisha kwa kumi na moja. Akabakiwa na mia mbili na kumi, akacheka, maana alishaziona humo mbili, tatu, tano na saba. Kuja kujitazama, mikono imetulia tuli.

"Mama, hii si ya kula. Ichukue wewe."

"Kula, mwanangu. Mimi sina mtihani leo."

Binti akaitafuna, akaimeza kwa shida, akashuka chuoni bila kukimbia. Rimma alimfuata kwa macho hadi akaingia mlangoni, na uchungu wote ukamwisha.

Mzee aliyepanda hapo akapewa 510511, akanung'unika kwamba ameikosa bahati kwa moja tu.

"Hata mimi, baba," Rimma akamwambia, akaendelea kukata tiketi huku akitabasamu.